Jua, Seli na Ukarabati wa DNA

Mchungaji anayewatembelea wagonjwa wa saratani huulizwa mara kwa mara swali gumu: ugonjwa huu umeingiaje mwilini mwangu, na ni nani aliyeuleta? Wapo wanaojibu haraka kwa kutaja dhambi, laana au mkono wa jirani. Katika makala haya tunakusudia kueleza, kadiri nafasi inavyoruhusu, madhara yanayoipata DNA na jinsi seli inavyokabiliana nayo. Tumechagua mfano mmoja tu, yaani ngozi na jua, kwa kuwa unaonekana kwa macho na unawagusa baadhi ya washarika wetu.

Yafaa kwanza tukumbushane DNA ni nini. Ndani ya kiini cha karibu kila seli ya mwili zimo nyuzi 46 nyembamba mno, ambazo zikinyoshwa na kuungwa pamoja zingefikia urefu wa kama mita 2. Katika nyuzi hizo yameandikwa, kwa herufi nne tu, A, T, G na C, maelekezo ambayo seli huyahitaji ili iishi. Kila uzi una pande mbili zinazokabiliana: penye A upande mmoja pana T upande wa pili, na penye G pana C. Msomaji aishike habari hii ya pande mbili, maana ndiyo inayowezesha sehemu kubwa ya ukarabati.

Kwa muda mrefu wataalamu waliichukulia DNA kuwa kitu imara kisichotikisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tomas Lindahl, mwanasayansi wa Sweden, alionyesha kinyume chake. Joto la mwili na maji yaliyomo ndani ya seli hutosha kung'oa herufi zipatazo 10,000 kwa siku katika kila seli, hata kwa mtu mwenye afya njema aliyelala kivulini. Ikiwa uharibifu ni mkubwa kiasi hicho na uhai bado unaendelea, alisema, hapana budi ndani ya seli wawepo mafundi. Akawatafuta, akawapata. Kwetu sisi hapo ndipo penye uzito wa jambo lote: kila seli huumia kila siku, na afya yake hutokana na kutengenezwa bila kukoma.

Jua huleta uharibifu wa namna yake. Miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, inapoipiga DNA huzishikamanisha herufi mbili jirani za upande mmoja, mara nyingi T na T. Uzi hupinda mahali hapo, na protini zinazonakili DNA zikifika hukwama au hukosea. Aziz Sancar, daktari mzaliwa wa Uturuki aliyehamia Marekani, ndiye aliyeeleza kwa undani jinsi doa hilo linavyoondolewa. Protini maalumu hulitambua pindo, hukata uzi huku na huku ya doa, na huondoa kipande chenye herufi zisizozidi 30 hivi katika seli ya binadamu. Kisha pengo hujazwa kwa kusoma upande wa pili ambao haukudhurika, na ncha huungwa. Kazi hii hufanyika maelfu ya mara katika seli za ngozi ya mkulima anayepalilia mchana kutwa, naye hana habari. Mwaka 2015 Sancar na Lindahl walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Paul Modrich, aliyechunguza jinsi makosa ya kunakili yanavyosahihishwa.

Je, mafundi wakizidiwa? Hapo huingia protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Kwa kawaida seli huitengeneza na kuivunja mara moja, hata ikawa haba sana. DNA ikidhurika, uvunjaji huo hupungua, p53 hujaa ndani ya kiini, nayo huizuia seli isigawanyike mpaka ukarabati ukamilike. Madhara yakiwa makubwa mno, huiongoza seli ife. Mwaka 1994 Douglas Brash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba ngozi ya panya waliokosa p53, ikipigwa na miale hiyo, hupoteza seli chache zaidi. Mtu aweza kudhani hiyo ni nafuu. La hasha, seli zilizopaswa kufa hubaki hai na makosa yake, zikazaana. Na jeni ya p53 yenyewe yaweza kuharibiwa na jua. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina kasoro katika jeni hiyo.

Sasa tutazame hali mbili ambazo mara nyingine huchanganywa. Ya kwanza ni ugonjwa wa nadra uitwao zeroderma pigmentosamu. James Cleaver alionyesha mwaka 1968 kwamba seli za wagonjwa hao hushindwa kuondoa madoa ya jua. Ngozi yao yaweza kuwa na rangi, lakini mafundi hawapo, na watoto wengi hupata saratani kabla ya ujana. Ya pili ni ualbino, ambao Tanzania hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 1,400. Hapa mafundi wapo wote na wanafanya kazi. Kilichokosekana ni kivuli, yaani melanini, rangi inayoinywa miale kabla haijaifikia DNA. Wakarabati ni wazima, ila wanaelemewa.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu. Asiye na mafundi hatuwezi kumpa mafundi, lakini asiye na kivuli twaweza kumpa kivuli. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida wana rangi na hawakujua kuwa wanaibeba jeni hiyo. Maneno yanayomsingizia mama uasherati au laana hayana msingi wowote. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoripotiwa Tanzania, hasa kuanzia mwaka 2007, yalitangazwa duniani kote, na ilikuwa haki yatangazwe. Saratani ya ngozi, iliyo miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao, haitangazwi.

Hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikitengeneza mafuta ya kuikinga ngozi yao. Kofia pana na mikono mirefu hupatikana popote. Kidonda cha usoni, sikioni au mdomoni kisichopona kwa wiki kadhaa kipelekwe hospitali kingali kidogo, maana wakati huo hukatwa kikaisha. Na kwa kuwa makosa ya DNA hulimbikizana tangu utotoni, mtoto wa miaka sita anayeketishwa juani katika ibada ya nje, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, anaanza kulimbikiza madhara yatakayoonekana akiwa na miaka ishirini na mitano.