LATVIA: NCHI NDOGO ILIYOPANDA NGAZI BARAFUNI



Usiku wa tarehe 28 Mei 2023 bunge la nchi moja ya Ulaya liliitwa kwa haraka. Ilikuwa Jumapili, karibu saa sita za usiku. Wabunge wengine walifika wamevaa fulana za timu ya taifa. Hakukuwa na vita wala mafuriko. Waliitwa waamue neno moja tu: kesho yake, Jumatatu, iwe sikukuu ya nchi nzima. Wakakubali. Sababu ni kwamba timu yao ya wanaume ya mpira wa magongo wa barafuni ilikuwa imeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia.

Nchi hiyo ni Latvia. Tulipoisoma habari hii darasani, mzee mmoja alicheka akasema, "Lo! Bunge zima kukesha kwa nafasi ya tatu? Na yule aliyekuwa wa kwanza afanyeje?" Swali la mzee ni zuri. Hebu tulijibu pole pole.

Mchezo wenyewe ukoje?

Wengi wetu tunaujua mpira wa magongo unaochezwa kwenye majani. Huu ni ndugu yake, lakini huchezwa juu ya barafu. Uwanja una urefu wa meta 60 hivi, na umezungushiwa ukuta mfupi. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, kama kisu kilichosimamishwa. Kwa chuma hicho huteleza kwa mbio kuliko mtu anavyoweza kukimbia.

Hawapigi mpira wa duara. Wanapiga kisahani cha mpira mgumu, cheusi, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kikipigwa na fundi hasa, kinaweza kupita mwendo wa kilometa 150 kwa saa. Ndiyo maana golikipa hujifunika kwa mavazi mazito toka kichwani hadi miguuni.

Kila upande huwa na watu 6 uwanjani, pamoja na golikipa. Mchezo una vipindi 3, kila kimoja dakika 20. Mchezaji hukaa barafuni chini ya dakika moja hivi, kisha hutoka apumzike na mwenzake huingia. Anayecheza vibaya, kwa mfano anayemkwatua mwenzake kwa gongo, hutolewa nje kwa dakika 2, na timu yake hubaki pungufu.

Barafu ya viwanja vya ndani haitoki mbinguni. Chini ya sakafu hupitishwa mabomba yenye maji ya chumvi yaliyopozwa sana na mashine. Maji safi yakimwagwa juu yake huganda. Basi hata nchi ya joto yaweza kuwa na uwanja kama huo, ikiwa na fedha. Mwaka 2005 ulifunguliwa mmoja ndani ya hoteli huko Nairobi, na vijana wa Kenya wakajifunzia hapo.

Latvia ni nchi gani?

Latvia iko kaskazini mwa Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki. Mji wake mkuu ni Riga. Wakati wa baridi maziwa na mabwawa yake huganda, na watoto hucheza juu yake. Watu wake hawafiki milioni 2. Kwa kulinganisha, Dar es Salaam peke yake ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022.

Nchi hii ilikuwa na timu yake ya taifa tangu miaka ya 1930, na mwaka 1936 ilicheza katika Olimpiki. Lakini mwaka 1940 Latvia ilitwaliwa na Urusi ya Kisovieti. Kwa karibu miaka 50 haikuwa na timu ya taifa. Wachezaji wake hodari walivaa fulana ya Kisovieti. Mmoja wao ni Helmuts Balderis, aliyepata ubingwa wa dunia na timu hiyo. Mwingine ni golikipa Artūrs Irbe, naye bingwa wa dunia. Mwaka 1991, watu wa Latvia walipokuwa wakidai uhuru wao, Irbe alikataa kuichezea tena timu ya Kisovieti. Mwaka huo huo nchi yake ikapata uhuru.

Kuanza tena darasa la chini

Hapa, ndugu msomaji, ndipo palipo na jambo kubwa. Mashindano ya dunia ya mchezo huu yana madaraja, kama ligi zetu za kandanda. Juu kabisa kuna timu 16. Wanaoshindwa hushuka, na wanaoshinda chini hupanda.

Uhuru ulipopatikana, nafasi ya Wasovieti katika daraja la juu ilichukuliwa na Urusi. Latvia iliambiwa ianzie chini, katika kundi C. Wachezaji wake walikuwa na uwezo wa kucheza juu, lakini hawakukaa nyumbani wakinung'unika. Walikwenda. Mwaka 1993 walishinda kundi C, wakapanda kundi B. Huko walikaa miaka 3, maana mara mbili nafasi ya kupanda iliwaponyoka. Mwaka 1996 walishinda, na mwaka 1997 wakaingia daraja la juu. Toka hapo hadi mwaka 2023 hawakushuka hata mara moja.

Mwaka 2000 waliifunga Urusi 3 kwa 2 katika mji wa St. Petersburg, Irbe akiwa golini. Mwaka 2014, katika Olimpiki, walifungwa na Kanada 2 kwa 1 tu. Siku hiyo golikipa Kristers Gudļevskis alizuia mapigo 55.

Mwaka 2023

Mashindano ya mwaka 2023 yalichezwa Riga na Tampere, mji wa Ufini. Latvia ilianza vibaya mno. Kanada iliwafunga 6 kwa 0. Kisha Slovakia ikawafunga 2 kwa 1. Wengi walidhani mambo yamekwisha.

Kumbe bado. Walianza kushinda, tena kwa tofauti ya goli moja moja. Waliishinda Uswisi 4 kwa 3 katika muda wa nyongeza, wakaingia robo fainali. Huko waliitoa Sweden 3 kwa 1. Nusu fainali walifungwa na Kanada 4 kwa 2. Ikabaki kugombea nafasi ya tatu na Marekani.

Marekani ilikuwa ikiongoza 3 kwa 2, na muda ulikuwa unakaribia kwisha. Mlinzi Kristians Rubīns akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Rubīns huyo huyo akafunga la nne. Golikipa Artūrs Šilovs, kijana wa miaka 22, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Medali hiyo ya shaba ilikuwa ya kwanza kwa Latvia katika mashindano ya dunia. Kabla ya hapo hawakuwahi kupita nafasi ya 7. Kweli, kuna walionung'unika kwa sikukuu hiyo ya ghafla, maana walikuwa na kazi zao za Jumatatu. Lakini maelfu walijaa katikati ya Riga kuwapokea vijana wao.

Tumjibu mzee

Basi mzee wetu tunamjibu hivi: mtu hupimwa pia kwa pale alipoanzia. Sisi wa kisomo tunalijua jambo hili. Wapo kati yetu wazee waliokuwa wakiheshimiwa na kijiji kizima, nao wakakubali kukaa benchi moja na vijana na kuanza na "a, e, i, o, u". Siku walipopewa cheti chao, nyumba nzima ilishangilia. Aliyesoma mpaka chuo kikuu angeweza kucheka. Wao hawakumjali.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Latvia ilianzia kundi C?
2. Je, Irbe alifanya vyema kukataa kucheza mwaka 1991? Toeni sababu.
3. Ni jambo gani kijijini kwenu lililoanza chini likapanda? Mwandikieni mhariri.