Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji



Katika nyumba yetu hapa Songea pana redio moja, na penye redio moja na watu saba hapakosi ugomvi. Jumamosi ya tarehe 26 Septemba, 2015, tulikuwa bado katika siku za Idi Kubwa, na redio hiyo ilikuwa mikononi mwa mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitatu wakati ule, mpenzi wa Simba asiye na simile. Simba na Yanga zilikuwa zikipambana Dar es Salaam. Kabla ya mapumziko mtangazaji akapaza sauti: Amissi Tambwe ameifungia Yanga. Kijana akaruka kitini, akamwita mchezaji yule kwa neno ambalo sitaliandika katika gazeti linaloingia majumbani mwa watu, kisha akamaliza kwa kusema, "Msaliti mkubwa!"

Mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa akikaanga nyama ya Idi iliyosalia. Hakugeuka. Aliuliza tu, "Amekuibia nini, mjukuu wangu?"

"Alikuwa wetu, bibi. Leo anatufunga."

"Alitoroka?"

Kijana akanyamaza, kwani jawabu alilijua. Tambwe hakutoroka. Alitoka Burundi mwaka 2013, baada ya klabu yake ya Vital'O kutwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, akaingia Simba, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 19. Lakini Desemba 2014, lilipofunguliwa dirisha dogo la usajili, Simba walimwacha. Mtu aliye katika nchi ya ugenini, ambaye kazi yake ni miguu yake, akaachwa katikati ya msimu. Yanga wakamchukua. Miezi tisa baadaye akakutana na wale waliomwacha, naye akafanya kazi ile ile aliyokuwa akiwafanyia wao.

Siku ile Yanga walishinda mabao mawili kwa bila. La pili alilifunga Malimi Busungu. Tarehe 20 Februari, 2016, timu hizo zikakutana tena, matokeo yakawa yale yale, na Tambwe akafunga tena. Msimu huo wa 2015/16 ulipokwisha alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mara ya pili, safari hii kwa mabao 21 na jezi ya rangi nyingine. Mwenye kuandika makala haya si Simba wala si Yanga, bali ni mtu wa Majimaji, na tena mkaidi. Lakini nakiri kwamba nilimfurahia mtu huyo. Hakusema maneno mengi juu ya walioona kuwa hafai. Alifunga tu.

Sharti nieleze pia upande wa pili, ili nisionekane kama nimemvalia joho la utakatifu. Tarehe 1 Oktoba, 2016, Tambwe alifunga bao jingine dhidi ya Simba, na bao lile lilikuwa na utata, kwani wengi waliona kuwa mpira uligusa mkono wake kabla ya kuingia wavuni. Mwamuzi alilikubali. Uwanja ukachafuka, viti vikang'olewa na kurushwa, mpaka serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja ule kwa muda. Shiza Kichuya aliisawazishia Simba dakika za mwisho kwa mpira wa kona ulioingia moja kwa moja. Hasira ya siku ile ilikuwa juu ya mwamuzi, na ilikuwa na sababu yake, ijapokuwa kiti hakikuwa na kosa. Lakini aliyesikiliza vizuri maneno yaliyokuwa yakitoka majukwaani atakumbuka kwamba watu hawakusema tu "mkono". Walisema pia "msaliti". Hilo la pili ndilo ninalolizungumzia.

Usaliti ni neno zito. Msaliti ni yule aliyekula yamini akaivunja, au aliyefungua mlango usiku adui akaingia. Je, mtu aliyefanya kazi kwa mkataba, mkataba ukaisha au ukakatwa na mwajiri, naye akaenda akafanya kazi kwa jirani, amefungua mlango gani? Fundi aliyeijenga nyumba yako, ukamlipa mkaagana, mwaka wa pili ukimwona akijenga nyumba ya mtu usiyepatana naye, utamzomea barabarani? Na mchezaji ana udhuru mkubwa kuliko fundi. Fundi aweza kushika mwiko mpaka mvi zimjae, lakini miguu ya mchezaji humwaga mapema, na mara nyingi kabla hajatimiza miaka thelathini na mitano huwa amekwisha sahauliwa.

Sisi watu wa Songea tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Zama za ukoloni mkoa huu wetu ulikuwa ghala la vibarua. Wazee wetu waliandikwa manamba, wakasafiri kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wengine kwa miaka, wengine wasirudi kabisa. Aliyerudi na sanduku lake la bati na blanketi hakuulizwa kwa nini alikwenda kumtajirisha mtu wa mbali. Alipikiwa. Na hata jina la timu yetu lina somo lake. Majimaji ni jina la vita vya 1905 hadi 1907, ambavyo hatukuvishinda. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kila tarehe 27 Februari twakumbuka mashujaa walionyongwa. Mji uliojua kulibeba jina la vita vilivyoshindwa, ukalipeleka mpaka kwenye ubingwa wa Tanzania mwaka 1985, 1986 na 1998, haukosi kujua kwamba heshima ya mtu si upande aliosimama siku ya mwisho tu.

Huko Ulaya mambo ni makali kuliko kwetu. Mwaka 2000 Mreno Luis Figo alihama Barcelona akaenda Real Madrid, mahasimu wao wakubwa. Novemba 2002 alipocheza kule Barcelona na jezi ya Madrid, vitu vya kila namna vilirushwa kiwanjani, na miongoni mwavyo kichwa cha nguruwe. Kichwa cha nguruwe, ewe msomaji! Na hao ni watu wanaokula nyama yake. Sijui sisi tungerusha nini.

Lakini nimepata kusoma khabari nyingine, ya Marekani, katika mchezo ambao kwetu haujulikani sana. Waitwa besiboli. Mmoja hurusha mpira mgumu, mdogo kama chungwa, na mwingine husimama na gongo la mti akijaribu kuupiga. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja bila kugusa chini, huyo ameshinda vita yake ndogo, naye huzunguka vituo vyote vinne kwa matembezi huku watu wakishangilia. Katika miaka ya 2010 Wajapani waliuleta mchezo huu katika shule kadha za sekondari za Tanzania, hivyo huenda mtoto wa msomaji mmoja anaujua kuliko mimi.

Basi palikuwa na mpigaji mmoja, Albert Pujols, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika aliyehamia Marekani akiwa kijana. Kuanzia 2001 hadi 2011 alichezea timu ya mji wa St. Louis, akaivusha mipira 445 juu ya kuta, akachukua nayo ubingwa mara mbili, 2006 na 2011. Watoto wa mji ule walikua wakiiga namna anavyosimama. Kisha, ubingwa wa pili ukiwa bado una joto, akaondoka. Timu ya Angels ya California ilimpa mkataba wa miaka kumi wa dola za Marekani zipatazo milioni 240. Watu wa St. Louis waliumia. Wapo waliosema ni tamaa, na mimi sitasema kwamba fedha haikuwa na nguvu katika jambo lile. Dola milioni 240 zingemtikisa hata mwenye kuandika makala haya.

Kwa kuwa timu zile mbili zi katika ligi mbili tofauti, ilipita miaka mingi kabla hajarudi kucheza katika uwanja ule. Alirudi tarehe 21 Juni, 2019, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mwendo wake umekuwa mzito, na nguvu si zile za ujana. Aliposhika gongo kwa mara ya kwanza uwanja mzima ulisimama ukampigia makofi. Mdakaji wa timu ya wenyeji, Yadier Molina, rafiki yake wa zamani, aliondoka mahali pake makusudi ili makofi yasikatizwe, kisha akamkumbatia. Hayo yote ni rahisi, maana mgeni hajakudhuru bado. Mtihani ulikuja kesho yake. Tarehe 22 Juni Pujols aliupiga mpira ukavuka ukuta. Ilikuwa hasara kwa wenyeji, alama zimeandikwa ubaoni dhidi yao. Nao wakasimama tena, wakashangilia kana kwamba amewafungia wao, wasikae mpaka alipotoka pale walipoketi wachezaji akawainulia kofia.

Niliposoma hayo nilimsomea mpwa wangu. Alicheka akasema, "Hao hawana uchungu na timu yao." Nilidhani hivyo pia mwanzoni. Lakini timu ile ina mashabiki wa kurithishana, baba kwa mwana, kwa zaidi ya miaka mia; uchungu wanao. Nadhani walikuwa wakishangilia miaka kumi na mmoja ya maisha yao wenyewe, na mtu aliyekuwamo ndani ya miaka hiyo amesimama mbele yao, kabla hajazeeka kabisa.

Pujols mwisho alirudi St. Louis kwa msimu wake wa kumaliza, mwaka 2022. Tarehe 23 Septemba mwaka huo walikwenda kucheza Los Angeles dhidi ya Dodgers, timu aliyokuwa ameichezea mwaka uliotangulia baada ya Angels kumwacha. Usiku huo mmoja, dhidi ya waajiri wake wa jana, aliivusha mipira miwili, ya 699 na ya 700 katika maisha yake ya mchezo. Watu watatu tu kabla yake walikuwa wamefika 700. Na watu wa Los Angeles, waliofungwa, walimshangilia.

Turudi Songea, kwa sababu jambo hili lilikuja mpaka mlangoni petu. Mwaka 2017 Majimaji ilimsajili Jerson Tegete. Kwa asiyemjua, huyu ni mshambuliaji aliyeichezea Yanga kwa miaka mingi kabla ya kwenda Mwadui ya Shinyanga. Katika mchezo wa tarehe 18 Aprili, 2010, ambao Simba ilishinda mabao manne kwa matatu, mabao mawili kati ya yale matatu ya Yanga yalikuwa yake, na la pili alilifunga dakika ya 89. Kwa kitambo kidogo Yanga walidhani wamenusurika, mpaka Hilary Echesa wa Simba alipofunga mwishoni kabisa. Mpwa wangu alikuwa mtoto mdogo siku ile, lakini kisa hicho alirithishwa, na jina la Tegete halikuwa jina zuri kinywani mwake.

Septemba 2017 Yanga ilikuja Songea. Ni mwezi wa ukame kwetu, vumbi jekundu limetanda, na milima ya Matogoro huonekana kama moshi. Tangu asubuhi kijana alikuwa amekwisha vaa jezi ya Majimaji, akitembea uani kwa maringo. "Leo Yanga watamwona Tegete wao," akasema. "Mtu wao mwenyewe yu upande wetu!"

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye jamvi. Kumbukumbu yake, alhamdulillahi, haijapungua hata nukta.

"Huyu naye alikuwa wa Yanga?" akauliza.

"Naam, bibi. Miaka mingi."

"Na leo atawafunga?"

"Inshallah, bibi."

"Sasa huyu si yule uliyemwita... lilikuwa neno gani lile?"

Kijana alijifanya anafunga kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu sana. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba lile lilikuwa jambo jingine, na bibi akasema vyema, akirudi atamweleza tofauti yake, kwa kuwa yeye ni mzee na elimu yake ya kandanda ni ndogo.

Mchezo ulikwisha bao moja kwa moja. Msimu ule ule, ulipomalizika 2018, Majimaji ikateremka daraja pamoja na Njombe Mji, na tulikuwa na majonzi mengine ya kuzungumza. Kijana sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 900 kutoka hapa, kwa mwajiri wa pili tangu aondoke. Anapokuja likizo bibi yake humkumbusha kwamba bado anangoja maelezo yake.