Msikiti wa Kizimkazi na Swali la Asili ya Uswahili

Kwetu Tongaren, baina ya Kitale na Bungoma, mwanafunzi ateuaye kusomea Kiswahili hakosi kuulizwa: "Mbona wahangaika na lugha ya wageni?" Sehemu ya jibu imechongwa katika ukuta wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja.

Kwa nje msikiti huu haushangazi, kwani sehemu kubwa ya jengo lililosimama leo ni ya karne ya 18, ulipojengwa upya. Hazina yake imo ndani. Ukuta wa kibla, kandokando ya mihirabu, una maandishi ya Kiarabu yenye hati ya Kikufi iliyonakshiwa. Yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani ya Afrika Mashariki.

Hati hiyo inashabihiana na ile ya Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Kutokana na mshabaha huo, pamoja na masimulizi ya Washirazi, baadhi ya waandishi walishikilia kuwa ustaarabu wote wa pwani uliletwa na wageni.

Rai hiyo ina kasoro. Mtindo ni wa Kiajemi, lakini jiwe ni tumbawe la papa hapa. Tumbawe likitolewa baharini huwa laini, likachongeka. Likikauka huwa gumu. Chokaa nayo hutokana na matumbawe yaliyochomwa. Kazi hiyo yahitaji fundi aijuaye bahari yake.

Hata hivyo, masimulizi hayo si uzushi mtupu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, juu ya mabaki ya wakazi wa kale wa miji ya Waswahili ikiwemo Mtwapa na Manda, ulibainisha kuwa wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na ya Kiajemi, hasa kwa upande wa akina baba. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000.

Lugha nayo yashuhudia vivyo hivyo. Neno "bandari" asili yake ni Kiajemi. Lakini tusemapo "bandarini" au "bandari zetu", sarufi inayolitawala ni ya Kibantu. Ndiyo sarufi ambayo Mbukusu huitambua asikiapo "mtu" na "watu", naye kwake husema "omundu" na "babandu".

Basi mwenzetu wa Tongaren akiulizwa tena, na ajibu bila kusita: mgeni alipokewa, akatuachia nakshi na maneno, nyumba ni yetu.