Nyumba ya Mawe ya Tippu Tip huko Unguja

Sisi watu wa Likasi tumezoea nyumba za matofali, na nyingi zilijengwa kwa faida ya shaba. Leo twapenda kuwapeleka wasomaji wetu Unguja, katika mtaa wa Shangani, penye nyumba ya mawe ya mtu aliyepata mali yake upande wetu huu wa bara, kwa pembe za ndovu na kwa watumwa.

Jina lake Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Wazee wetu walimwita Tippu Tip. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mkuu wa Itabwa, akamnyang'anya pembe nyingi sana. Baadaye akatawala Manyema, makao yake Kasongo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II akamfanya gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani. Alifia Unguja mwaka 1905.

Ukifika mbele ya nyumba hiyo waona ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe, kisha mlango mkubwa wa mbao uliochongwa kwa ustadi. Kuta za nyumba za namna hii ni nene, za mawe ya matumbawe ya bahari yaliyoshikwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma mawe yayo hayo. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba huwa virefu lakini vyembamba. Tajiri awe na fedha kiasi gani, upana wa chumba chake hupimwa na mti!

Baada ya mapinduzi ya 1964 jamaa nyingi zilikaa humo, zikagawana vyumba. Adui mkubwa wa nyumba hizi ni mvua: dari ikivuja, chokaa hulainika, boriti huoza, na ukuta huanza kupasuka.

Je, iachwe ianguke, kwa kuwa mali yake ilitoka katika machozi ya watu wetu? Sisi twasema sivyo. Wapagazi na watumwa wale hawakuachiwa hata kaburi la kutembelewa. Ukuta huu ni mmoja wa mashahidi wao wachache. Tena Kiswahili hiki tunachokiandika kilitufikia kwa njia zile zile za misafara. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa Likasi aweza kuzisoma bila mkalimani.