Gemu inakwama, picha zinachafuka: usikimbilie kununua kadi nyingine



Hii ni kwa ajili ya yule jamaa aliyejichanga mwaka mzima akanunua PC ya gemu, mpya kabisa, taa zinawaka rangi zote, halafu siku ya kwanza tu anaona madudu. Vivuli vinacheza vyenyewe, pembetatu zinachomoza usoni kwa mtu mpaka mawinguni, au gemu inatembea vizuri sekunde kumi halafu inashtuka kama daladala yenye klachi mbovu. Kesho yake yuko dukani anauliza bei ya kadi ya picha nyingine. Jamani, subirini kwanza! Kadi ya picha ndiyo inayosingiziwa kuliko kifaa chochote ndani ya lile boksi, na vipimo vingi vya kujua ukweli ni vya bure.

Kwanza tutenganishe magonjwa, maana watu wanayachanganya. Kuna picha kuchafuka: madoa, mistari, rangi za ajabu, vitu kukatika vipande. Na kuna kukwamakwama: picha ni safi ila haziji kwa mpangilio. Haya ni mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, ingawa kuna prosesa moja iliyoleta yote mawili, nitaifikia.

Tuanze na uchafu. Kipimo cha kwanza ni rahisi mpaka unacheka. Uchafu ukiwa bado upo kwenye skrini, piga picha ya skrini yenyewe (Windows, Shift na S kwa pamoja), jitumie kwenye simu, itazame huko. Ukiona picha ni safi kwenye simu, uchafu unaingia baada ya kadi, yaani kwenye kebo au kwenye monita. Badilisha kebo kabla ya kitu kingine. Ukiona uchafu umo hata kwenye simu, basi picha imechafukia ndani ya kompyuta: kadi, draiva au gemu yenyewe.

Kipimo cha pili: zima, washa, bonyeza Delete au F2 uingie BIOS. Pale Windows haijaamka na draiva haipo. Kama madoa au mistari ipo hata huko, na kebo umeshabadilisha na monita umeshaijaribu kwenye mashine nyingine, usihangaike na programu yoyote. Hiyo kadi irudi ilikotoka. Kama BIOS ni safi na uchafu unakuja kwenye gemu moja tu, mtuhumiwa wa kwanza ni gemu au draiva.

Draiva usiifute kwa njia ya kawaida tu. Pakua kwanza draiva mpya kutoka Nvidia, AMD au Intel, halafu chomoa intaneti, ingia Windows kwa hali salama, futa ya zamani kwa Display Driver Uninstaller (ni bure), washa upya, weka mpya. Kuchomoa intaneti ni muhimu, kwa sababu Windows ina tabia ya kukuwekea draiva yake kimyakimya wakati wewe bado unatafuta ya kwako.

Kama bado, punguza kasi ya kadi kwa programu kama MSI Afterburner, MHz 50 mpaka 100 hivi. Kadi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeshaongezwa kasi. Ukipunguza na uchafu ukatoweka, usifurahi ukanyamaza: maana yake kadi haiwezi kufanya kazi kwa kasi uliyoilipia, na hiyo ni sababu tosha ya kuirudisha. Na kama kadi yako imesimamishwa wima kwa kebo ya kurefusha, ijaribu ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye madabodi. Kebo iliyotengenezwa kwa PCIe 3.0 ikipitishiwa kasi ya PCIe 4.0 inaleta vituko vyote nilivyovitaja.

Sasa kukwamakwama. Hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa, kwa sababu namba ya fremu kwa sekunde inadanganya. Gemu inaweza kuandika wastani wa 90 na bado ikakera. Kwenye monita ya 60 Hz kila fremu ina milisekunde kama 16.7, kwenye 144 Hz ni kama 6.9. Fremu moja ikichelewa milisekunde 100, jicho lako linaona, wastani hauoni.

Angalieni vitu vya kijinga kwanza (na si vya kijinga, ndivyo vinavyotokea zaidi). Kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi ya picha, au kwenye tundu la madabodi juu yake? Ikiwa kwenye madabodi, uwezekano mkubwa unatumia picha za prosesa na kadi uliyoinunua imekaa tu kama mgeni wa harusi. Monita ya 144 Hz imewekwa 144 kwenye Windows, au bado iko 60? Gemu iko kwenye SSD, au fundi kakuwekea kwenye diski ya kuzunguka? Vijiti viwili vya RAM viko kwenye matundu sahihi? Kwenye madabodi nyingi zenye matundu manne ni la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa. Ukiviweka kwenye tundu la kwanza na la pili, kwa kawaida vinafanya kazi kama njia moja badala ya mbili.

Halafu RAM iliyoandikwa 6000 haitembei 6000 mpaka uwashe XMP au EXPO ndani ya BIOS. Bila hapo DDR5 mara nyingi inatembea 4800. Lakini ukiwasha na mashine ikaanza kuzimika, endesha MemTest86 usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja ni baya, asikwambie mtu eti moja ni kawaida.

Kuna kukwama ambako si kosa la mashine kabisa. Gemu za siku hizi zina programu ndogondogo zinazoiambia kadi ipake vipi mwanga na rangi, zinaitwa sheda. Kwenye PC inabidi zitengenezwe upya kulingana na kadi yako na draiva yako, na gemu zingine zinafanya hivyo katikati ya mchezo. Konsoli hazina shida hiyo kwa sababu vifaa vinafanana, sheda zinakuja zimeshapikwa. Namna ya kuijua: rudia sehemu ileile. Mara ya kwanza ilikwama kila mlipuko, mara ya pili inateleza? Ni sheda. Hata ununue kadi ya bei gani itakwama hiyo mara ya kwanza. Na ukibadilisha draiva zinaanza kupikwa upya, kwa hiyo usishangae.

Wenye AMD Ryzen, kuna moja yenu. Machi 2022 AMD ilikiri kwamba TPM iliyomo ndani ya prosesa, ile inayodaiwa na Windows 11, inaweza kuifanya mashine nzima isimame kidogo mara mojamoja, hata sauti inakatika. Dawa ilikuja kwenye BIOS mpya kuanzia Mei 2022. Kama madabodi yako ilikaa stoo ikiwa na BIOS ya zamani, bado unaweza kukutana nayo leo.

Sasa kile kisa cha prosesa. Intel ilitoa kizazi cha 13 Oktoba 2022 na cha 14 Oktoba 2023. Wenye Core i9 na i7 za mezani wakaanza kuona gemu, hasa za Unreal Engine, zinazimika na ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imekwisha. Mtu ana kadi ya GB 24, gemu haijafika hata menyu, anaambiwa kumbukumbu imekwisha! Nani asingelaumu kadi? Kumbe prosesa ilikuwa inakosea hesabu wakati wa kufungua sheda zilizobanwa, gemu inapokea takataka, halafu inatoa ujumbe wa kitu kingine kabisa. Aprili 2024 Nvidia yenyewe iliwaelekeza wenye tatizo hilo waende Intel. Julai 2024 Intel ikasema sababu: maikrokodi ilikuwa inaomba volti kubwa kuliko inavyotakiwa. Viraka vikafuata kwenye BIOS, 0x129 Agosti na 0x12B Septemba mwaka huohuo, na 0x12F mwaka 2025.

Kiraka kinazuia, hakiponyi. Prosesa iliyokwisha kuumia imeumia. Ndiyo maana Intel iliongeza miaka miwili kwenye dhamana za prosesa zinazohusika, zilizouzwa kwenye boksi zikafika miaka mitano. Zilizokuja ndani ya kompyuta iliyoundwa tayari, anza na aliyeiunda. Kwa hiyo ukiuziwa i9-13900K au 14900K ya mkononi kwa bei ya kuchekesha, muulize muuzaji ilitumika muda gani kabla ya BIOS mpya. Mbele yake fungua HWiNFO usome toleo la maikrokodi, kisha fungua zip kubwa mara tatu nne. Ikigoma mara moja na kukubali mara nyingine, mwachie mwenyewe.

Tahadhari moja ya kwetu: usiweke BIOS mpya bila UPS. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza kufa palepale.

Mwisho, ukiamua kurudisha mashine dukani, usiende na maneno matupu. Nenda na video ya madoa ukiwa ndani ya BIOS, au picha ya MemTest86 yenye kosa, pamoja na risiti na tarehe. Nenda mapema, ndani ya siku za kurudisha, siyo baada ya miezi mitatu ya kujaribu draiva. Muuzaji akisema "ni gemu tu hiyo", mwombe aiwashe mbele yako, aingie BIOS, atazame mwenyewe.

Wenye kizazi cha 13 na 14 mlioko huku, wekeni hapo chini aina ya prosesa na maikrokodi mliyoikuta, tuone.