Kiharusi: Je, mgonjwa atatembea tena?

SWALI ambalo jamaa humuuliza daktari mara tu mgonjwa wa kiharusi anaponusurika ni moja: Je, atatembea tena?

Katika mtaa kama Majengo, mjini Meru, swali hilo halihusu afya peke yake. Katika nyumba nyingi za kupanga choo huwa uani, na asiyeweza kuuvuka ua kwa miguu yake huhitaji mtu wa kumwinua mchana na usiku. Mtu huyo aghalabu ni mke, binti au mjukuu, naye hulazimika kuacha genge lake au masomo. Dua haikatazwi, lakini familia pia inapaswa kujua kama biashara itafungwa kwa mwezi mmoja au kwa mwaka mzima.

Kiharusi hutokea wakati sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa sababu mshipa umezibwa na donge la damu, au mshipa unapopasuka na damu kuvujia ubongoni. Upande wa mwili ulio kinyume na ule wa ubongo uliodhurika hulegea au hupooza.

Jamaa wengi hukodolea macho mguu uliopooza, wakingoja vidole vicheze. Wataalamu wa tiba ya viungo huanza kwingine: humketisha mgonjwa ukingoni mwa kitanda na kutazama kiwiliwili chake. Kutembea ni kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kuanguka, na asiyeweza kujizuia akiwa ameketi hana msingi wa kusimama. Mguu dhaifu waweza kusaidiwa na fimbo. Kiwiliwili kinachoanguka hakina fimbo.

Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 154 ambao hawakuweza kutembea wenyewe mwanzoni. Walioweza kuketi bila kuegemea kwa sekunde 30, na pia kuusogeza kidogo mguu ulioathirika, katika saa 72 za kwanza, walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kutembea bila kushikwa baada ya miezi sita. Kwa walioshindwa, uwezekano ulikuwa asilimia 27. Wale ambao hata siku ya tisa walikuwa bado hawawezi, uwezekano wao ulishuka hadi asilimia 10.

Asilimia 10 si sifuri, na hakuna daktari mwenye busara atakayeitumia kumnyima mgonjwa mazoezi.

Watafiti wa Auckland, New Zealand, nao walitoa mwaka 2022 kipimo kinachofanywa wiki moja baada ya kiharusi. Hutazama mambo matatu tu: kama mgonjwa hajafikia miaka 80, kama anaweza kunyoosha goti la mguu dhaifu dhidi ya uzito wake, na jinsi anavyoweza kujisawazisha. Kutokana na hayo hukadiriwa ni baada ya wiki ngapi atatembea mwenyewe. Vipimo hivi havihitaji mashine ya mamilioni. Vyahitaji kitanda, saa na mtaalamu aliyefunzwa, vitu ambavyo hospitali ya kaunti yaweza kuwa navyo.

Kuhusu muda, uchunguzi wa Copenhagen wa mwaka 1995, uliohusisha wagonjwa 804, ulionyesha kwamba asilimia 95 walifikia kiwango chao cha juu cha kutembea ndani ya wiki 11. Kwa hivyo wiki hizo za kwanza ndizo za kugharimia nauli ya kwenda kliniki, badala ya kungoja mgonjwa "apate nguvu kwanza".

Hata hivyo, haraka nayo ina mpaka. Jaribio kubwa la mwaka 2015, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, lilibaini kuwa kumtoa mgonjwa kitandani mara nyingi na kwa muda mrefu, kuanzia saa 24 za kwanza, kulipunguza nafasi yake ya kupona vyema. Wana wanaomsimamisha baba yao kwa nguvu siku ya kwanza hawamsaidii.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu hizi hazilisemi waziwazi. Katika tafiti za Uholanzi na New Zealand, "kutembea mwenyewe" kulimaanisha angalau kutembea mahali tambarare bila kushikwa na mtu, hata kama ni kwa fimbo. Ngazi, miteremko na ardhi yenye mashimo havikuwa sharti.

Meru ni mji wa miteremko, na mvua ikinyesha, ua usio na saruji huteleza. Mgonjwa aliyefaulu kwenye sakafu ya wodi huenda bado akahitaji mkono wa mtu kufika chooni. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, jamaa wamweleze mtaalamu wa tiba ya viungo jinsi njia hiyo ilivyo: ina vidato vingapi, inainama upande gani, na kama kuna ukuta wa kushikilia, ili mgonjwa afanyizwe mazoezi ya njia hiyo hasa.