Mwalimu Naye Huhitaji Kufundishwa

Katika kambi nyingi za jeshi na za polisi nchini Uganda wamo kina mama wafundishao. Baadhi yao walipita chuo cha ualimu kabla ya kuolewa. Wengine waliingia darasani kwa dharura tu: mwalimu alihamishwa, watoto wa darasa la kwanza wakabaki wanatazama ubao mtupu, na mwalimu mkuu akaulizia ni nani miongoni mwa wake za askari aliyemaliza kidato cha nne. Mama wa namna hiyo hufundisha mwaka mmoja, miwili, hata mitano, kwa posho ndogo itokayo kwa wazazi. Watoto humwita mwalimu, na wazazi humwamkia kwa jina hilo. Lakini katika orodha ya walimu wa Serikali jina lake halimo, na siku mume wake anapopewa amri ya kuhama, kazi yake yote huishia langoni mwa kambi.

Kwa miaka mingi mtu wa namna hiyo hakuwa na njia. Cheti cha ualimu cha daraja la tatu, ambacho ndicho kilichowabeba walimu wa shule za msingi za Uganda kwa muda mrefu, kilipatikana kwa kukaa chuoni miaka miwili baada ya kidato cha nne. Kijana asiye na mzigo aliweza kwenda. Mama mwenye mtoto mgongoni na wengine wawili wanaosubiri uji hakuweza. Na wenye shida hiyo hawakuwa wachache, kwani baada ya vita na misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980, karibu nusu ya walimu wa shule za msingi nchini walikuwa hawakupata mafunzo ya ualimu.

Mwaka 1987 Serikali iliunda tume ya kuitazama upya elimu yote, na mwenyekiti wake akawa Profesa William Senteza Kajubi, mtu aliyeutumia umri wake mwingi katika kuwafundisha walimu. Taarifa ya tume hiyo ilitolewa mwaka 1989, na Waraka wa Serikali juu ya elimu ukafuata mwaka 1992. Wakati huohuo wazo jipya lilianza kujaribiwa: ikiwa mwalimu hawezi kwenda chuoni, basi chuo na kimfuate aliko. Jaribio la kwanza lilikuwa Mubende, mwanzoni mwa miaka ya 1990. La pili na kubwa zaidi lilianza mwaka 1993 katika wilaya kumi za kaskazini, na liliandikisha walimu wapatao 3,000 ambao hawakuwa na cheti. Walisoma kwa vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa kwa ajili yao, wakafanya mazoezi na kuyapeleka yasahihishwe, wakakusanyika chuoni nyakati za likizo, na siku zilizobaki wakaendelea kufundisha madarasa yao wenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyo sehemu kubwa ya kaskazini haikuwa na amani. Askari waliokuwa huko wanajua barabara zilikuwaje na watu walilalaje. Hata hivyo, wakati wa mtihani wa mwisho ulipofika, karibu tisa katika kila kumi ya walioandikishwa walifaulu. Vyuo vingi vya bweni, vyenye taa, maktaba na chakula cha jioni, vingejivunia hesabu kama hiyo.

Watanzania walikuwa wametangulia katika njia hiyo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilitaka kila mtoto aingie shule kwa haraka, na walimu hawakuwapo. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza shule ya msingi waliwekwa katika shule za vijijini wafundishe huku wakifundishwa: masomo kwa njia ya posta, vipindi vya redio, mkufunzi wa kuwatembelea, na mwishowe majuma sita chuoni. Zaidi ya 45,000 waliandikishwa katika mikupuo mitatu, na wapatao 38,000 wakahitimu. Wapo waliosema kwamba ualimu wa namna hiyo ulikuwa mwepesi mno, na lawama hiyo haikukosa ukweli. Lakini lawama huwa rahisi kwa yule ambaye mtoto wake hakukaa chini ya mwembe akimsubiri mwalimu.

Nchini Uganda mafunzo hayo yaligeuzwa kuwa utaratibu wa taifa zima katikati ya miaka ya 1990. Vyuo vya ualimu vilivyochaguliwa vilipewa jukumu la kutazama nje ya ua wao. Kila chuo kiligawiwa eneo, na eneo likagawanywa katika vituo. Nchi nzima ikawa na vituo zaidi ya 500, kila kimoja kikihudumia shule zipatazo ishirini. Katika kila kituo aliwekwa mkufunzi mwenye pikipiki. Huyo ndiye aliyekuwa mlango wa mwalimu wa kijijini na wa kambini. Alikuja shuleni, akaketi nyuma ya darasa, akatazama somo likifundishwa, kisha akazungumza na mwalimu faraghani juu ya alichokiona. Siku za Jumamosi aliwakusanya walimu wa shule jirani, wakatengeneza pamoja zana za kufundishia kwa maboksi, vifuniko vya chupa na makaratasi ya saruji.

Kazi hiyo ilifika kwa wakati wake. Mwezi wa Januari 1997 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, na wanafunzi ambao mwaka uliotangulia walikuwa kama milioni tatu wakapita milioni tano. Yalikuwapo madarasa ya watoto mia na zaidi. Mwalimu aliyezoea kuwafundisha arobaini, mafunzo aliyoyapata miaka kumi nyuma hayakumwambia afanye nini na mia. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi, na kwamba hata mwalimu mwenye daraja lake anahitaji kurudi katika masomo mara kwa mara.

Mwalimu mkuu naye alikuwa na lake. Desturi ilikuwa kwamba mwalimu hodari wa darasani hupandishwa cheo akawa mkuu wa shule, pasipo mtu kumfundisha kuongoza watu wala kutunza fedha. Jeshini jambo hilo lingeshangaza, kwa maana hakuna koplo apewaye kikosi bila kupitishwa katika kozi. Uchunguzi uliofanywa juu ya miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, katika fedha za matumizi zilizotolewa na Serikali Kuu kwa ajili ya shule za msingi, ni asilimia 13 tu zilizofika shuleni kwa wastani. Nyingi zilipotelea njiani, wilayani. Walimu wakuu wengi hawakujua hata kwamba shule zao zilistahili kupata kitu. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa, na kila shule ikaamriwa kubandika hesabu zake ukutani ili wazazi wazisome. Baada ya hapo sehemu kubwa ya fedha ikaanza kufika.

Ndiyo sababu mafunzo ya walimu wakuu yaliyoletwa na utaratibu huo wa vituo yalitia mkazo katika daftari la fedha, mapatano na halmashauri ya shule, na usimamizi wa ufundishaji wenyewe. Majirani walikuwa na vyuo vya kazi hiyo tangu mapema: Tanzania ilianzisha chuo cha MANTEP huko Bagamoyo mwaka 1979, kilichogeuzwa kuwa ADEM mwaka 2001, na Kenya ilianzisha KESI mwaka 1981, kisha kikaitwa KEMI. Wazazi walio kambini, waketio katika halmashauri za shule, wangefanya vema kuuliza kama mkuu wa shule yao amepata mafunzo ya aina hiyo. Mwalimu kijana akirudi kutoka semina na fikra mpya, kisha mkuu wake akamwambia aache michezo na kunakilisha ubaoni kama zamani, fedha yote iliyotumika katika semina imekwenda bure. Na ziko semina ambazo posho ya kikao hukumbukwa kuliko somo. Hizo nazo hazifai kuhesabiwa kuwa mafunzo.

Ngazi ya kupanda ilirefushwa pia. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa wasomao wakiwa nje, nayo Kyambogo ikawapokea walimu wa daraja la tatu katika masomo ya diploma yaliyofanywa zaidi wakati wa likizo. Kisha mwaka 2019 ikapitishwa Sera ya Taifa ya Walimu, inayotaka kila mwalimu, hata wa watoto wadogo kabisa, awe na shahada, na inayozungumzia leseni ya kufundishia na wajibu wa kujiendeleza kazini. Nia ni njema. Lakini anayeilipia shahada mara nyingi ni mwalimu mwenyewe, katika mshahara uleule unaolipa ada za watoto wake. Katika nyumba za askari, mkopo kutoka chama cha Wazalendo cha jeshi au Exodus cha polisi huweza kuwa ndio karo ya mama. Mume na mke waketi pamoja wafanye hesabu hiyo kabla ya kuweka sahihi, wakijua kwamba kupata shahada hakupandishi mshahara papo hapo. Sharti ipatikane nafasi ya cheo, na mwalimu aiombe na kuteuliwa.

Tatizo la kuhamahama ni gumu zaidi, na hakuna chuo kilichokwisha kulitatua. Walimu wa shule za msingi za Serikali huajiriwa na wilaya kupitia kamati yake ya utumishi. Askari anapohamishwa kutoka Mbarara kwenda Gulu, amri ya jeshi humhusu yeye. Mke wake mwalimu hubaki mtumishi wa wilaya ya Mbarara. Akimfuata mumewe bila ruhusa, ataandikwa kuwa mtoro. Akibaki, nyumba imegawanyika. Akiwa katikati ya masomo ya likizo, huenda kituo chake kikawa mbali naye siku nzima kwa basi.

Mke wa namna hiyo asingoje siku ya kupakia vyombo. Punde habari ya uhamisho inapothibitika, aandike kwa mkuu wa elimu wa wilaya kuomba kuhamishiwa wilaya aendako, barua ipitie kwa mwalimu mkuu, naye abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Anayesoma akiulize chuo mapema kama anaweza kuendelea katika kituo kingine, na achukue kwa maandishi alama alizokwisha kupata. Cheti cha ualimu, namba ya usajili, barua ya kuajiriwa na ya kuthibitishwa kazini viwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki, naye aubebe mkononi. Visitiwe sandukuni pamoja na sufuria juu ya lori. Na yule asiye na cheti kabisa amwombe mwalimu mkuu barua inayosema amefundisha madarasa gani na kwa muda gani, kwa kuwa huko aendako hakuna anayemjua.

Huenda pia akawa na mali asiyoifahamu. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na walimu wa lugha hiyo ni haba. Kuzungumza Kiswahili cha kambini si sawa na kukifundisha. Sarufi na tahajia zina kazi yake. Lakini mwanamke aliyeishi miaka kumi katika kambi za Bombo, Jinja au Moroto, ambaye watoto wake hucheza na kugombana kwa Kiswahili kila jioni, huingia katika masomo hayo akiwa hatua nyingi mbele ya mwalimu anayeanza kusema “hujambo” akiwa na miaka thelathini.